Mche Mchanga Haualikwi Karamuni

Nilipoanza kulima bila udongo, katika ua wa saruji nyuma ya nyumba ninayopanga Dar es Salaam, niliua miche 24 ya letusi kwa siku tatu, na sikuiua kwa njaa bali kwa ukarimu. Tangu hapo nina maoni ambayo wauzaji wa vifaa hawayafurahii: anayeanza haidroponiki nyumbani hana haja ya pampu wala mabomba kabla hajajua kuchanganya ndoo moja ya maji.

Kosa la kwanza lilikuwa la pupa. Nilitia kalsiamu naitreti na magnesiamu salfeti katika chupa moja yenye maji kidogo. Mchanganyiko ukageuka mweupe kama tui, na asubuhi nikakuta unga umetuama chini. Unga ule ni jasi, yaani kalsiamu iliyokwisha kushikamana na salfeti, nao ukishatuama hauyeyuki kirahisi tena. Ndiyo sababu virutubisho huuzwa katika vyombo viwili, A na B: ndoo hujazwa maji kwanza, ikatiwa A, ikakorogwa vizuri, ndipo B ikafuata.

Kosa la pili sikuliona mpaka nilipoazima kipimo cha chumvichumvi (EC), kinachosoma kwa millisiemensi kwa sentimita. Maji yetu ya kisima, kama ya visima vingi vya pwani, yana chumvi, na kipimo kilisoma 1.4 kabla sijatia chochote, ilhali mche mchanga wa letusi hutosheka na 0.8 hadi 1.2, virutubisho vikiwa vimo. Nami juu yake nilikuwa nimeongeza dozi kamili ya mmea mkubwa! Siku hizi nakinga maji ya mvua na kuanza na nusu ya dozi. Kipimo cha uchachu (pH) nakiweka kati ya 5.5 na 6.5, kwa kuwa namba ikipanda zaidi ya hapo, yaani uchachu ukipungua, madini ya chuma huanza kuadimika kwa mmea na majani machanga hugeuka manjano.

Kuhamisha miche nakufanya jioni, ikishapata majani halisi mawili hadi manne na mizizi ikianza kuchungulia chini ya kikombe chake chenye matundu. Naiotesha katika makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo nayaosha mara tatu au nne, maana makumbi nayo huja na chumvi yake. Chombo changu ni boksi la stairofomu (povu gumu la plastiki) la kubebea samaki, ambalo halipitishi joto upesi; vikombe hukaa katika matundu ya kifuniko chake. Maji yakipata joto hubaki na oksijeni kidogo, na mizizi huoza.

Sina pampu. Nafuata njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: maji yaguse kitako cha kikombe siku ya kuhamisha, kisha yaachwe yapungue, ili mizizi ya juu ipate hewa. Mama mwenye nyumba, niliposafiri, aliyaona yamepungua nusu, akaihurumia mimea na kujaza boksi mpaka ukingoni. Niliporudi, majani yalikuwa yamelala ingawa mizizi ilikuwa imezama majini, naye akaniuliza kwa uchungu, "Baba, inakuwaje kitu kife kwa kiu ndani ya maji?" Nilifunua kifuniko nikamwonyesha mizizi ile ya juu, iliyokuwa myeupe na yenye manyoya nilipoondoka, sasa imekuwa kahawia na inateleza vidoleni.