Picha ya Mzoga Haitoshi

Picha ni ile ile kila mara: mwindaji mgeni amepiga goti kando ya mnyama aliyelala, bunduki mkononi, meno yote nje. Ikishaingia mtandaoni, habari imekwisha. Kinachofuata ni matusi.

Mwaka 2015 simba Cecil aliuawa nje kidogo ya Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, na daktari wa meno kutoka Marekani. Watu wakalia hadi kwenye televisheni za kule ng'ambo. Wazimbabwe wengi ndiyo kwanza walikuwa wanalisikia jina la simba huyo, na mwanakijiji anayelala huku simba wakinguruma nyuma ya zizi lake hakupewa kipaza sauti.

La kwetu liko karibu zaidi. Kuanzia Septemba 2023, tembo madume kadhaa wenye pembe kubwa, wa jamii inayozunguka kati ya Amboseli, Kenya, na Enduimet, eneo la hifadhi ya vijiji wilayani Longido, Tanzania, waliwindwa kwa leseni upande wa Tanzania. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania iliufunga 1973, ikaufungua tena 1978. Tembo hana pasipoti. Akivuka kutafuta malisho anaacha sheria moja na kuingia nyingine. Hapo palikuwa na habari nzito. Nyingi nilizosoma zilizunguka hasira tu: huku Tanzania tunaitwa majangili, kule Kenya wanaitwa wanafiki.

Chukua kanuni yenyewe. Tanzania inataka pembe ya tembo anayewindwa ifikie kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Inasikika vizuri, maana inawalinda tembo vijana. Lakini bunduki inaelekezwa kwa wazee, nao ndio majike huwapendelea wakati wa kupandana. Madume wa namna hiyo wamebaki wachache mno. Mhariri gani alilitengea swali hilo ukurasa mzima?

Wawindaji nao wasijifanye wameonewa. Hupenda kusema kwamba bila wao pori lingekwisha. Sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, ilikuwa vitalu vya uwindaji, na bado majangili waliichakaza: nchi nzima tembo walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014. Leseni haikuwaua hao, sawa. Ila hoja kwamba mwenye kitalu ni mlinzi tosha ilianguka pale pale.

Hata hivyo siungani na wanaotaka kufunga kila kitu kwa sababu ya picha. Botswana ilifunga 2014, ikafungua 2019, na miongoni mwa waliolalamika ni vijiji vilivyobaki na tembo bila mapato.

Kwa hiyo mwandishi anayekwenda Longido asianze kwa kuuliza kama uwindaji ni mzuri au mbaya. Aombe hesabu za jumuiya ya hifadhi, yaani umoja wa vijiji unaosimamia wanyamapori. Kitalu kimelipiwa kiasi gani? Halmashauri imechukua ngapi, kijiji kimebaki na ngapi? Aliyeliwa mahindi na tembo alipata kifuta jasho lini, baada ya kuzungushwa ofisi ngapi? Kampuni ikikataa kujibu, aandike kwamba imekataa, tena kwenye aya ya kwanza.