Waacheni waambizane wenyewe

Ukipata nafasi ya kuketi pembeni ya kikundi cha tiba ya mazungumzo cha watu wenye ulemavu wa akili, tazama macho yao kabla hujasikiliza maneno. Wanapoongea wanamtazama nani? Kama kila mmoja anamkodolea mwezeshaji, anasema lake, anajibiwa, kisha zamu inahamia kwa wa pembeni yake, hilo ni darasa lililopanga viti duara. Kufika hapo ni rahisi sana. Wengi wao wamekulia katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi ambako mkubwa anauliza na wao wanajibu, na nyumbani ni vilevile. Kinachotibu ndani ya kikundi ni mtu kujibiwa na mwenzake aliye katika hali kama yake. Kila kinachoandaliwa kitumikie hilo, na kisichotumikia hilo kiondolewe.

Tuelewane kuhusu maneno. Ulemavu wa akili huanza utotoni, kabla ya miaka 18: kujifunza, kuelewa mambo yasiyoonekana kwa macho na kujihudumia huwa kugumu, na hakuna dawa ya kuuondoa. Ugonjwa wa akili ni jambo jingine, unaweza kumpata yeyote na unatibika. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili. Dada wa miaka 30 aliyeacha kula na kuanza kujigonga kichwa ukutani anaweza kuwa na sonona, lakini nyumbani wanasema "ndivyo alivyo", na anayempokea zahanati anaandika hivyohivyo. Huzuni yake inafunikwa na ulemavu wake, na hapo hasara huanza.

Kwa hiyo kabla ya kikundi, apimwe mwili. Masikio kwanza: nta iliyojaa humfanya mtu aonekane mkaidi au aliyezubaa. Macho, meno, choo kigumu. Mwenye sindromu ya Down, hali ambayo mtu huzaliwa nayo, apimwe na tezi ya shingo, maana ikizorota humfanya mchovu na mzito, akafanana kabisa na mwenye sonona. Mwenye kifafa aulizwe dawa anameza saa ngapi, kwa sababu fenobabitoni, moja ya dawa hizo, humsinzisha mtu, na ukimweka kwenye kikundi muda wake wa usingizi utadhani hataki. Mwezeshaji ajue pia la kufanya kifafa kikianza: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5 bila kutulia, hospitali.

Watu 6 hadi 8 wanatosha. Wakizidi, wakimya wanapotea. Wakiwa 4, wawili wakikosa nauli ya bodaboda hakuna kikundi. Wawezeshaji wawe wawili, na kwa huku kwetu Dodoma mmoja wao ajue Kigogo. Mtu aliyekulia Chamwino au Bahi anaweza kuagiza chumvi dukani kwa Kiswahili na bado uchungu wake ukawa unaishi katika lugha ya mama. Hata kufungua kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kunalegeza mabega. Mahali pawe ukumbi wa kata, wa kanisa au wa msikiti. Hospitali ya akili ya Mirembe ipo tangu 1927 na inafanya kazi kubwa, lakini watu wameligeuza jina lake kuwa tusi, na mwanakikundi anayeitwa "wa Mirembe" mtaani kwao hatarudi wiki ya pili.

Ridhaa ndiyo inayohitaji uvumilivu zaidi. Mtu aliyezoea kugombezwa hujibu "ndiyo" kwa kila kitu, tena kwa tabasamu. Valerie Sinason, mtaalamu wa London, alilitazama tabasamu hilo kwa makini akaona kwamba mara nyingi ni ngao: nikicheka hamtanichukia. Basi muulize kwa njia mbili, siku tofauti. Leo: "Unapenda kuja kwenye kikundi?" Siku nyingine: "Ungependa kubaki nyumbani siku hiyo?" Akisema ndiyo kote, bado hujapata jibu. Ukimpa chaguo mbili, rudia ukizipindua, kwa kuwa wengi hushika la mwisho walilosikia. Na mfundishe "hapana" kwa vitendo: mpe kikombe cha chai asichokitaka, umsubiri akikatae, kisha ukipokee bila kununa.

Kwa mpangilio wa kipindi, namna ninayoiamini ni ile ya Nancy Razza na Daniel Tomasulo wa Marekani, waliochukua saikodrama, yaani tiba ya kuigiza iliyoanzishwa na Jacob Moreno, wakaifinyanga iwafae watu hawa. Ina hatua nne, na kwa kipindi cha saa moja ningezigawa hivi: dakika 10 za kuelekezana, 15 za kila mtu kueleza lililomleta, 25 za kuigiza jambo moja, na 10 za kutambuana.

Wengi huiruka ile ya kwanza wakidhani ni salamu tu. Kazi yote iko pale. Tuseme Neema amesema kaka yake anamfungia ndani wageni wakija. Mwezeshaji hajibu. Anamgeukia Yona: "Neema amesema nini?" Yona hajui, alikuwa anatazama mlango. "Muulize." Yona anageuka, mwili mzima, anamuuliza. Neema anarudia, safari hii akimwambia Yona. Sasa kuna watu wawili wanaoongea. Jambo hili lirudiwe mara 20 kwa kipindi bila kuchoka, na mwezeshaji ajifunze kuinamisha macho anaposemeshwa ili msemaji atafute uso mwingine. Wiki tatu nne za mwanzo zinaweza kwenda na hilo peke yake, na si hasara.

Katika kuigiza, mwenzake husimama nyuma ya kiti cha Neema na kusema anachodhani hakisemeki: "Ninaona aibu. Ninadhani mimi ni mbaya." Neema anaulizwa: ni kweli au si kweli? Kukanusha nako ni kazi nzuri, pengine nzuri zaidi. Mwishoni kila mmoja atambuliwe kwa tendo lililoonekana. "Hongera, umefanya vizuri" haimfikii mtu. "Ulimpa Yona kitambaa alipolia" inamfikia, anakwenda nayo nyumbani.

Jambo litakalojitokeza kuliko yote ni msiba. Kiswahili chetu kina adabu nyingi mbele ya kifo: ametangulia, ametutoka, amelala, na kwa hawa ndugu zetu huwa tunaongeza lile la kuwalinda, amesafiri. Mtu anayeelewa maneno kama yalivyo anafanya nini akiambiwa mama amesafiri? Anasubiri. Anakataa kulala mlango ukiwa umefungwa, anatoroka kwenda stendi, kila basi likiingia anasimama. Aliyeambiwa "amelala" anaogopa kitanda. Siku ya mazishi alipelekwa kwa jirani asisumbue, kwa hiyo hakuona kaburi wala watu wakilia, na mwaka wa pili tunashangaa amekuwa mkorofi. Semeni "amekufa". Elezeni maana yake kwa mwili: hapumui, hasikii njaa, hatarudi. Mpelekeni kaburini hata kama umepita muda. Ndani ya kikundi, mwenzake akimwambia "hata mama yangu alikufa, nililia", sentensi hiyo fupi inafanya kazi ambayo mshauri mwenye shahada hawezi kuifanya. Tahadhari moja: kile kiti kitupu cha saikodrama, ambacho mtu husemeshea aliyekufa, wengine huku watakiona kama kuita mizimu. Kanga ya marehemu au picha yake inatosha.

La pili litakalojitokeza ni ukatili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2012 kwa maombi ya Shirika la Afya Duniani yalikadiria kuwa watoto wenye ulemavu wa akili au ugonjwa wa akili hufanyiwa ukatili wa kingono mara 4.6 zaidi ya wasio na ulemavu. Kwa hiyo ahadi ya siri iwe na mpaka tangu siku ya kwanza: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, ila mtu akiumizwa tutamwambia anayeweza kuzuia. Wawezeshaji wawe tayari wanamfahamu afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwa mtoto, namba ya simu ya msaada 116. Kamwe usimweke aliyedhulumiwa na aliyewahi kudhulumu kwenye duara moja.

Mzazi asikae chumbani. Najua inauma kuambiwa hivyo mtu aliyembeba mwanawe miaka 25, lakini mama akiwepo, mwana anaongea akimtazama mama. Wapangiwe muda wao, chini ya mti nje, na chai. Nao wana yao ya kuambizana. Wageni wanaotaka kupiga picha wakataliwe kabisa. Siku ya kikundi isigongane na siku ya mnada, na msimu wa kilimo, mvua zikianza Desemba, usianzishe kikundi kipya: mlezi yuko shambani na hakuna wa kumleta mtu.

Mwisho wa kikundi uonekane kwa macho. Weka mbegu 16 za ubuyu kwenye chupa ya kioo, moja kwa kila wiki, na kila kipindi mtu mmoja atoe moja. Hawa ni watu ambao walimu, wauguzi na wafadhili wamekuwa wakiondoka katika maisha yao bila kuaga, na mwezeshaji anayepotea wiki ya 9 kwa sababu ya uhamisho anarudia jeraha lilelile. Zikibaki mbegu nne, anzeni kuongea kuhusu kuachana. Siku ya mwisho chupa ikiwa tupu, kila mmoja aondoke na mbegu yake, na apewe tarehe mbili za kukutana tena: baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu.