Flashi ya programu iwe yake, diski ya video iwe yake

Kisanduku cha TV cha Android kilichoandikwa GB 8 hakikupi GB 8. Mfumo wenyewe unakalia karibu nusu, na wewe mara nyingi unabakiwa na GB 4 hadi 5. Weka YouTube, Netflix, programu ya mpira na kicheza video kimoja, acha miezi kadhaa ipite huku kila programu ikijisasisha na kurundika mabaki yake, na siku moja kioo kinakuambia nafasi imejaa. Hapo ndipo kosa ninalotaka kulisemea hufanyika. Mtu anachukua eksteno (diski ya nje) ya nyumbani, ile yenye video ya harusi, kipaimara cha mtoto na picha za marehemu babu, anaichomeka nyuma ya kisanduku, kisha anabonyeza "ndiyo" kwa kila swali linalotokea.

Msimamo wangu ni huu: kinachoongeza nafasi ya programu kisipewe kazi nyingine yoyote, na kilichobeba kumbukumbu za familia kisisogezwe karibu na kazi hiyo. Hata kama fedha ni ya kubana, nunua flashi ndogo nzuri kwa ajili ya programu, na eksteno iache ilivyo.

Sababu iko kwenye lile swali. Kisanduku kikiona chombo kipya kwenye USB kinauliza, kwa maneno yanayotofautiana toleo kwa toleo, kama unataka kukitumia kwa faili zako au kiwe sehemu ya hifadhi ya kifaa. Jibu la kwanza haliharibu kitu. Video zako unazifungua kwa programu za kuchezea video kama VLC au Kodi, ukimaliza unachomoa na kwenda nayo. Mwenye kibanda umiza anayejaza flashi mpya kila siku, hili ndilo lake. Jibu la pili, lililoletwa na Android 6.0 mwaka 2015, ni kama ndoa. Kisanduku kinafuta kila kilichomo, kinagawa chombo upya, kisha kinakifunga kwa ufunguo wa siri unaokaa ndani ya kisanduku hicho peke yake. Kompyuta haitaisoma flashi hiyo. Kisanduku cha jirani nacho hakitaisoma, hata kiwe cha aina ileile. Chako kikiungua, au ukikirudisha kwenye hali ya kiwandani, ufunguo umekwenda na data imekwenda nao. Atakayekuambia anaweza kuirudisha, usimlipe.

Kabla ya kununua chochote, safisha. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Programu, uzipitie moja moja ukiangalia kila moja imekalia kiasi gani. Futa kashe, yaani mabaki ya muda, ya zile kubwa. Utaingia tena bila kuombwa nywila. Usichanganye na kufuta data, maana hiyo inakutoa kwenye akaunti. Zilizokuja na kisanduku na hazifutiki, ondoa masasisho yake kisha zizime. Nyumba nyingi zinazodhani zinahitaji diski zilihitaji robo saa ya kazi hii.

Na ujue diski haitatibu nini. Kisanduku kinachokwama kwa sababu kina RAM (kumbukumbu ya kazi) ndogo kitaendelea kukwama. Picha inayozunguka kwa sababu bando limepungua kasi itaendelea kuzunguka. Netflix haina kitufe cha kupakua filamu kwenye TV, kwa hiyo anayenunua TB 1 ili ahifadhi filamu za Netflix anatupa fedha.

Kwa programu, GB 32 au 64 zinatosha kabisa. Chukua flashi ya USB 3.0 hata kama tundu la kisanduku ni USB 2.0. Si kwa ajili ya kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Programu husoma na kuandika vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, na flashi za bei ya chini hushindwa hapo hata kama zinacheza video vizuri. Android huipima kasi wakati wa kufomati, na ikikuonya kwamba chombo ni cha polepole, isikilize, simamisha kazi, tafuta flashi nyingine. Ukilazimisha, YouTube itafunguka kwa mwendo wa konokono na utailaumu intaneti.

Flashi bandia ni janga lenyewe. Kile kidude kinachouzwa kama TB 2 kwa bei ya GB 32 kimefundishwa kudanganya: kompyuta inaonyesha TB 2, unakopia, faili zinaonekana kwa majina yake, lakini baada ya GB chache za kweli kila kinachoandikwa kinapotea. Dawa ni kuijaza yote na kuisoma yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa 1 na dakika 45 kujaa, bado kusomwa. Ikionyesha GB 59 hivi badala ya 64, usigombane na muuzaji. Kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Anayenunua mjini Mwanza na kupanda meli ya kwenda Nansio ajaribu kabla ya kupanda, kwa sababu nauli ya kuirudisha flashi mbovu kutoka kisiwa cha Ukerewe inaweza kuzidi bei ya flashi yenyewe.

Sasa hatua. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye kisanduku, toa kila chombo kingine cha USB ili usichague kisicho chenyewe. Kwenye Google TV nenda Mipangilio, Mfumo, Hifadhi; matoleo ya zamani ya Android TV huweka Hifadhi chini ya mapendeleo ya kifaa. Chagua flashi, chagua kuifuta na kuifanya hifadhi ya kifaa, thibitisha, subiri. Kitakuuliza kama data ihamie sasa au baadaye. Chagua baadaye, halafu hamisha programu moja moja ukianza na kubwa: fungua Programu, chagua jina, gusa nafasi iliyotumika, chagua flashi. Isiyokuwa na chaguo hilo imezuiwa na aliyeitengeneza, na za mfumo hazihami kabisa. Kuna visanduku ambavyo mtengenezaji ameficha njia hii. Hapo anayejua ADB, njia ya kukiamuru kisanduku kutoka kwenye kompyuta, ataandika adb shell sm list-disks apate namba, kisha adb shell sm partition disk:8,0 private, akiweka namba aliyoipata mahali pa 8,0. Amri hiyo inafuta vilevile.

Fire TV Stick yenye tundu la micro-USB inahitaji waya wa OTG (unaoruhusu kifaa kusoma flashi) wenye matawi mawili, moja la chaja na moja la flashi. Chromecast with Google TV ina tundu moja tu la USB-C, hivyo inataka hubu (kigawanya matundu) ya USB-C inayopitisha umeme wa chaja.

Umeme ndio unaoua vyombo hivi kuliko kitu kingine. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha mA 500, la USB 3.0 mA 900. Flashi inakula kidogo, haina shida. Lakini diski ngumu ya inchi 2.5, kama ile ya eksteno, ina sahani inayozunguka, na wakati wa kuianzisha inaweza kudai karibu A 1. Kisanduku chenyewe mara nyingi huja na chaja ya V 5 A 2, na kikiwa kinacheza picha nzito kinakula sehemu kubwa ya hizo. Jumlisha, utaona hazitoshi. Weka sikio karibu na eksteno: inajaribu kuzunguka, inashindwa, inatoa mlio wa tik, inatulia, inaanza tena, tik. Taa yake inawaka na kuzima. Wakati mwingine kisanduku chote kinajizima na kuwaka. Usiiache hata dakika tano katika hali hiyo. Kila tik ni kichwa cha kusomea kinarudi mahali pake kwa sababu umeme umepwaya.

Tiba ni hubu yenye chaja yake yenyewe. Hapo nako kuna mtego. Hubu za bei rahisi hurudisha umeme kwenye kisanduku kupitia tundu la USB, na utaligundua hilo ukichomoa chaja ya kisanduku na taa yake ikabaki inawaka kwa unyonge. Hubu ya namna hiyo irudishe dukani. Na kisanduku chenye diski usikilishe kutoka tundu la USB la TV, ambalo mara nyingi haliwezi kukibeba hata kikiwa peke yake.

Umeme unapokatika ghafla, flashi iliyofanywa hifadhi ya kifaa ina kinga kidogo, kwa kuwa mfumo wake wa faili huweka kumbukumbu ya mabadiliko na kujirekebisha ukirudi. FAT32 na exFAT, mifumo ya faili ya flashi na diski za kawaida, hazina kinga hiyo, na ukikatika katikati ya kukopia unaweza kukuta folda lote halifunguki. Kwa hiyo kopia video kwenye kompyuta mpakato yenye betri, siyo kupitia kisanduku. UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta yenye tundu la V 5 na nguvu ya kutosha inaweza kukibeba kisanduku na flashi mpaka ukizime kwa utaratibu, nami naihesabu kuwa sehemu ya bei ya diski.

Diski ya video ifomati kwa exFAT kama kisanduku chako kinaisoma. Jaribu kwanza kwa flashi tupu. Kama hakiisomi, FAT32 inasomwa karibu kila mahali, ila haibebi faili moja la kufika GB 4. Video ya harusi iliyorekodiwa kwa Mbps 25 inafikisha GB 11 kwa saa moja, kwa hiyo itagoma kuingia hata ukiwa na GB 50 tupu. Mwambie mpiga video aikate vipande.

Halafu kuna hili ambalo mafundi wengi hawalisemi: vyombo na waya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya GHz 2.4, yaleyale ya Wi-Fi ya kawaida. Eksteno ikigusana na kisanduku, intaneti inazorota siku ileile uliyoichomeka. Isogeze kwa waya wa sentimita 50 hivi, au hamia Wi-Fi ya GHz 5 kama ruta inayo.

Siku ukitaka kuiachisha flashi kazi, kwanza rudisha programu kwenye kisanduku, kisha ifomati flashi humohumo iwe chombo cha kuhamishika. Ukiichomoa bila hivyo na kuipeleka kwenye Windows, unaweza kuona MB 16 tu na kudhani imekufa. Haijafa. Ile MB 16 ni kipande kidogo ambacho Android hukitenga mwanzoni, na sehemu kubwa iliyofungwa iko nyuma yake. Fungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa amri, andika list disk, itambue kwa ukubwa wake, andika select disk na namba yake, kisha clean, halafu uifomati upya kama kawaida. Kabla ya clean, chomoa eksteno ya video kwenye kompyuta hiyo, maana amri ile haiulizi mara mbili.