Waacheni Watu Waingie kwa Baruapepe

Wenzangu mnaotengeneza mifumo ya mtandaoni, nawaomba: mtu akitaka kuingia kwenye akaunti yake, aandike anwani yake ya baruapepe. Msimlazimishe kubuni jina la mtumiaji.

Huku Lamu majina yetu hurudiwa. Mjukuu hupewa jina la babu, na ukipita mtaa wa Langoni utawakuta kina Mohamed Ali kadhaa. Anayejisajili huambiwa jina limeshachukuliwa; huongeza tarakimu, kisha mstari wa chini, na akirudi miezi baadaye hakumbuki aliandika nini. Mara nyingi hiyo ndiyo wiki ya mwisho ya maombi ya basari, yaani msaada wa karo. Anwani ya baruapepe haina tabu hiyo. Tangu mwaka 1971, mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alipoweka alama ya @ kati ya jina la mtu na la kompyuta, kila anwani inaelekea sanduku moja tu. Tena nywila ikisahaulika, kiungo cha kuibadilisha hutumwa huko huko.

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilikubali jambo hili mwaka 2016, katika toleo la 4.5, na anayependa jina la mtumiaji hakunyimwa.

Ila lifanyeni vizuri. Kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa na kuacha nafasi mwishoni. Mfumo ukiona “Fatma” na “fatma” ni watu wawili, mwenye akaunti atakataliwa na hana kosa. Ondoeni nafasi, msijali ukubwa wa herufi. Na kwenye hifadhidata mpeni kila mtu namba yake ya ndani, ili akibadilisha anwani rekodi zake zibaki.

Linaloniuma zaidi ni baruapepe za saiba, yale maduka ya huduma za intaneti. Wazee wetu wengi, na vijana waliomaliza shule juzi, walifunguliwa anwani na mhudumu wa saiba. Nywila aliiweka yeye, na namba ya kurejesha akaunti ni yake. Kwao baruapepe ni nyumba ambayo ufunguo wake anao jirani. Kwa hiyo ruhusuni pia namba ya simu, ithibitishwe kwa ujumbe mfupi. Isiwe njia pekee, maana laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika huweza kupewa mtu mwingine.

Nanyi wenye saiba, ndugu zangu: mama akija kufunguliwa baruapepe, mwacheni aandike nywila yake mwenyewe na namba yake mwenyewe, hata kama foleni imefika nje.