Mwacheni Mama Apige Makofi

Mdogo wangu wa Nairobi alimkatia mama tiketi ya onyesho la okestra, ile ya muziki wa klasiki wa Ulaya. Wema mtupu. Kisha akauharibu mwenyewe: akatupia kwenye grupu la familia orodha ya "adabu za ukumbini" aliyoiokota sijui wapi. Usipige makofi ovyo. Usikohoe. Usinong'one. Usivae kandambili. Mama yuko zake Mikindani, kusini mwa Tanzania, msimu wenyewe ni wa kupuliza salfa mashambani na kifua kimembana. Akasomewa na mjukuu, akajibu kwa sauti: "Basi miye siendi. Nipande mabasi njia yote ile, nikakohoe, watu wanigeukie? Mpeni mwingine."

Nimekasirika, na sijapoa.

Orodha nzima ni "usi, usi, usi", haimwambii mtu hata kitu kimoja atakachokiona. Haya, mama, na wengine mnaotishwa, kinachotokea ni hiki. Utawakuta wapigaji wameshakaa jukwaani, kila mmoja anachezea chake, vurugu tupu. Hawajakosea. Sisi wa Kusini tuliozoea kungoja ngoma ziote moto hadi ngozi ikaze, hilo halitupi shida. Anaingia mpiga fidla kiongozi, makofi. Obo, ambayo ni ndugu wa zumari, inatoa sauti moja, mitetemo 440 hivi kwa sekunde, na vyombo vyote vinajipanga kwa sauti hiyo. Anaingia mwongozaji, yule anayewaongoza wapigaji kwa mikono, makofi tena. Hapo bado hujasikia chochote lakini unaruhusiwa kupiga, tena unatarajiwa. Halafu muziki unaanza. Simfoni, yaani utunzi mrefu wa okestra nzima, kwa kawaida ina sehemu nne. Ile ya Tano ya mtunzi Beethoven nzima ni kama nusu saa. Onyesho likifika katikati kuna mapumziko ya dakika kama 20, watu wanakwenda msalani na kurudi wakizungumza kama wataalamu.

Mavazi? Dera na mtandio vinatosha. Hakuna anayekagua.

Sasa makofi, maana ndiyo yaliyomtisha mama. Sehemu ya kwanza ya simfoni inaweza kumalizika kwa kishindo cha kukuinua kitini, halafu kimya. Kimya kabisa. Watu elfu moja wamekaa na mikono mapajani wakisubiri sehemu ya pili, na asiyejua akipiga makofi anatazamwa kwa jicho la chini chini na bwana mmoja ambaye mwaka jana naye alikuwa hajui. Ukiuliza, utaambiwa ndiyo heshima ya muziki huu tangu zamani.

Zamani ipi? Mwaka 1778 mtunzi Mozart alikuwa Paris na simfoni mpya. Barua aliyomwandikia baba yake ipo mpaka leo. Anaeleza kwamba katikati ya sehemu ya kwanza aliweka kipande alichojua kitawapendeza watu, na kweli walichangamka, wakapiga makofi muziki ukiendelea. Wala hakununa, alikuwa amekitegea, ndiyo maana mwishoni mwa sehemu hiyo alikirudisha tena. Sehemu ya mwisho akaianza kwa sauti ndogo, fidla peke yake. Watu wakanyamazishana ili wasikie. Okestra nzima ilipolipuka, makofi yakalipuka nayo. Mtunzi akafurahi, akatoka kwenda kula aiskrimu, akasali rozari aliyokuwa ameiwekea nadhiri. (Barua hiyo aliiandika usiku ambao mama yake alikuwa amefariki, na kwa baba akaandika tu kwamba mama anaumwa sana. Sijui kwa nini nalitaja. Naona tu kwamba mtu aliyeweza kubeba hayo asingeudhika na kikohozi cha bibi wa Mikindani.)

Ona basi: wale watu wa Paris walinyamaza palipohitaji kusikilizwa, wakashangilia palipowafurahisha. Hayo ndiyo masikio. Mwaka 1813 kule Vienna simfoni ya Saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza, watu waliipenda sehemu ya pili hadi ikarudiwa pale pale. Huu ukimya wa kati ya sehemu na sehemu umejengeka baadaye, ukakazwa karne ya 20. Leopold Stokowski, aliyeongoza okestra ya Philadelphia, alifikia hata kuwaza makofi yaachwe kabisa! Hayo ni mazoea ya watu, na mazoea hujifunzwa kwa kukaa nayo, si kwa kutishiwa kwenye simu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba orodha ina jambo moja la maana. Okestra haina vipaza sauti. Fidla inayopigwa taratibu inasikika hadi kiti cha nyuma kwa sababu tu watu wametulia. Kwa hiyo simu zizimwe, na hapo simwonei huruma mtu, hata awe mama mzazi. Kikohozi nacho kina nafasi yake: mapumziko mafupi kati ya sehemu na sehemu. Sikiliza, utashangaa ukumbi mzima unavyokohoa kwa pamoja, suti na tai zikiwemo. Pipi ya kifua ifunguliwe mapema, maana karatasi yake inapiga kelele kuliko kikohozi chenyewe.

Asiyejua lini mwisho umefika, amtazame mwongozaji. Mikono yake ikishuka kabisa na akigeuka, piga. Ila siku ikiwa ni simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, jihadhari: sehemu ya tatu inaisha kwa fujo la ushindi, mikono inapiga yenyewe, kumbe bado kuna ya nne, ya huzuni, inayozimika polepole. Wengi hunaswa hapo, na wala si washamba.

Mwingine akaandika kwenye grupu kwamba muziki wenyewe "si wetu". Huyo simjibu sana. Kinshasa kuna okestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, imeanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, na mwanzoni watu walikuwa wakipokezana fidla chache ili kila mtu ajifunze. Na pwani hii inayokesha na taarabu, fidla imekuwa ngeni lini?

Mwishoni makofi ni marefu. Mwongozaji anatoka, anarudi, anatoka, anarudi, na pengine wanaongeza kipande kifupi. Hapo hata kigelegele kimoja si dhambi. Mdogo wangu, kama ukumbi una ghorofa, tiketi ya mama ibadilishe iwe ya juu. Bei huwa nafuu, na kutoka kule anaona kila kitu, hadi wapiga ngoma nyuma kabisa. Waliolipa ghali kukaa mstari wa kwanza wanatazama viatu vya wapiga fidla.