Mtu wa Kuusukuma Mlango

Kwa siku tatu nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa na jini, na jini mwenyewe nilimleta mimi, kwa pesa zangu.

Alianza usiku wa Jumatano. Nyanya aliamka saa tisa kuswali, akasikia kitu juu ya kabati la sebuleni kinalia ziii, kinanyamaza, ziii tena. Akakisomea Ayatul Kursi. Kikaendelea. Akarudia, safari hii kwa sauti ya kuwasikia majirani, kisha akaja kuugonga mlango wangu kwa kandambili.

"We! Amka. Kuna kitu kabatini, nimekisomea mara tatu, chalia tu."

Ilikuwa ndege yangu ya rimoti, ambayo nililala bila kuchomoa betri. Ni zile ndege zinazofinyangwa kwa povu gumu la EPO, mabawa mita moja na kitu, nyepesi ukaidhania boflo. Kilichokuwa kikilia ni servo ya bawa la kushoto. Servo ni kidude cha gramu 9 chenye mota ndogo, meno ya nailoni na kijimkono kinachosukuma waya, na waya ndio unaoinua na kushusha aileroni, kile kibapa cha nyuma ya bawa kinachoifanya ndege ilale upande. Risiva, kile kidude ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti, huitumia servo amri mara 50 kila sekunde: kaa hapa, kaa hapa. Ikishindwa kufika ilipoambiwa haikati tamaa, inasukuma na kunung'unika mpaka betri iishe. Betri yangu ya seli tatu iliisha kweli. Asubuhi niliikuta imeumuka kama hamri, nikaenda kuitupa kwa heshima zote.

Sasa mtu mwenye akili angejiuliza, servo inazuiwa na nini? Mimi nikasema servo ni mbovu. Nikanunua nyingine. Nikaifunga, ziii. Nikasema hewa ya chumvi imekula pini za plagi, nikazisugua kwa mswaki na spiriti. Ziii. Nikanunua ya tatu, yenye meno ya chuma, nikiamini kwamba mtu akishindwa kazi dawa yake ni kumtafuta mwenye misuli. Ile ya pili nilikuwa nimeshaifungua kwa hasira nikaona gia moja imepukutika meno matatu, na badala ya kujiuliza nani aliyeing'oa meno, nikailaumu kwa kung'oka.

Nyanya alikuwa amekaa mkekani akidarizi kofia. Amedarizi kofia za vito tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na miwani yake haioni mtu aliye mlangoni lakini huona tundu la sindano. Akaniangalia nikifungua skrubu kwa mara ya nne.

"Mjukuu wangu, mlango wa msala ukikwama wamtafuta mtu mwengine wa kuusukuma?"

"La, nyanya."

"Wafanya nini?"

"Natazama bawaba."

Akarudi kwenye kofia yake.

Nikachomoa ule waya kwenye pembe ya aileroni, kile kijiguu unaposhikizwa. Servo ikanyamaza papo hapo, kimya cha aibu. Nikaishika aileroni kwa vidole: ilitakiwa ining'inie na kucheza kama kope, lakini ilikuwa ngumu kama kiberiti kipya. Hapo nikakumbuka. Nyingi ya ndege hizi, na yangu ikiwemo, hazina bawaba ya chuma wala ya plastiki. Kiwandani povu lenyewe hubanwa likawa jembamba kwenye mstari wa kukunjia, basi. Mstari huo ulikuwa umepasuka kidogo mwezi uliopita, nami nikaumiminia supagluu, nikaupuliza, nikajipongeza. Supagluu haiyeyushi EPO kama inavyoyeyusha povu jeupe la maboksi ya televisheni, lakini ikikauka inakuwa kioo. Servo tatu nzima zilikuwa zikijaribu kukunja kioo.

Nyanya akaomba aione. Akapitisha wembe akaukata ule mstari wote, aileroni ikamwangukia mapajani. Nilitaka kulia. Akaniambia nibandike tepu kingo zote mbili ili uzi usilikate povu, kisha akashona kwa uzi wa kofia, mshono wa nane: sindano inatoka juu ya bawa inaingia chini ya aileroni, inarudi kinyume chake. Nilikuja kujua baadaye kwamba watengenezaji wa ndege za mbao nyepesi walishona bawaba hivyo hivyo zamani. Yeye hakujua wala hakujali. Aileroni ikacheza kama kope.

Jumamosi alfajiri, maji yamekupwa na mchanga wa ufuo wa Pirates umelala mtupu. Kaskazi ilikuwa bado haijaamka vizuri. Mpwa wangu akaishika ndege tayari kuirusha, nami nikasimama mbele yake kukagua. Nikasukuma kijiti cha rimoti kulia. Kibapa cha kulia kikashuka. Aa! Kinatakiwa kipande! Nikafungua menyu ya rimoti, nikaweka rivasi ili servo izunguke kinyume, nikajaribu tena, kikapanda. Safi.

Msomaji aliyewahi kurusha ndege ameshashika kichwa. Nilikuwa nimeielekea pua ya ndege. Kulia kwangu ni kushoto kwake.

"Mjomba, nirushe?"

"Rusha."

Ikaondoka vizuri. Upepo ukaigusa, bawa la kushoto likainama kidogo, nami nikatia kulia kuinyanyua. Ikainama zaidi. Nikatia kulia zaidi. Kadiri nilivyoiombea kulia ndivyo ilivyokwenda kushoto, mpaka ikalala chali na kushuka kuelekea mahali pekee penye kiumbe katika ufuo wote ule, ngamia wa kupanda watalii, aliyekuwa amepiga magoti akicheua. Ilijichoma mchangani mbele ya pua yake. Pua ya ndege ikavunjika. Ngamia akainusa, akang'ata kipande cha mkia, akakitafuna kwa makini na kukitema.

"Ami," akaniambia mwenye ngamia, "huyu haogopi ndege. Lakini kiamsha kinywa chake hakikuwa hiki."

Nikampa mia mbili ya pole. Ya ngamia, alisema.

Tukapakia vipande kwenye mfuko wa gunia tukapanda tuktuk. Bawaba ya nyanya ilikuwa nzima, hata uzi mmoja haukukatika. Tulipofika Daraja la Nyali mfuko ukaanza kunung'unika magotini mwangu, ziii, ukanyamaza, ziii.

Dereva akageuza shingo. "Ami, pokea simu."

"Si simu," akasema mpwa wangu. "Mjomba hajachomoa betri."