Baskeli ya Umeme kwa Milima ya Pemba: Mota ya Tairini au ya Pedelini?

Ami yangu anauza samaki. Kila asubuhi huteremka Wesha, hununua kwa wavuvi, hufunga tenga nyuma ya baskeli na kulipandisha hadi Chake Chake. Mwaka juzi alichoka kusukuma, akanunua baskeli ya umeme yenye mota ndani ya tairi la nyuma. Karatasi aliyopewa dukani ilisema wati 250, kilomita 60 kwa chaji moja, na maneno ya kwamba inapanda mlima wowote.

Kuteremka kulikuwa raha tupu. Siku ya kwanza ya kupanda na mzigo nilikuwa nyuma yake kwa miguu. Tenga lilikuwa na kilo 40 hivi. Katikati ya mlima mota ilianza kuunguruma kwa sauti nzito, mwendo ukashuka hadi nikamfikia, kisha ikaja harufu ya waya unaoungua. Nikaweka kiganja juu ya habu, kile kitovu cha tairi chenye mota ndani. Sikuweza kukiacha hata kwa pumzi moja.

"Ami, shuka tuisukume."

"Mwanangu, si ndiyo kazi niliyoikimbia hii?"

Tangu siku hiyo suala hili limenikaa moyoni, kwa sababu watu wengi kisiwani wanataka kununua baskeli hizi na wengi wanaulizana masuali yasiyowafaa. Wanauliza wati ngapi, kilomita ngapi. Wakaazi wa Paje au Jambiani kule Unguja, ambako barabara imelala, masuali hayo yanawatosha. Sisi wa Pemba hayatutoshi. Kisiwa chetu hakina mlima mrefu hata mmoja, lakini barabara zake hazitulii: unapanda, unateremka bondeni, unapanda tena. Anayetoka bandarini Mkoani kuingia mjini, au bandarini Wete, anajua ninachosema kabla hajaimaliza jioni ya kwanza.

Tuupime mlima kwa hesabu. Chukua mtu wa kilo 75, baskeli ya kilo 25 na tenga la kilo 40. Jumla kilo 140. Barabara ikipanda mita 8 katika kila mita 100, kuisukuma mizigo hiyo yote kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa kunahitaji kiasi cha wati 430 kwenye tairi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa kama wati 100 kwa miguu yake bila ya kuvunjika pumzi. Zilizobaki, zaidi ya 300, lazima zitoke kwenye mota. Na hizo ni wati zinazofika chini barabarani, wala si zile zinazotoka kwenye betri.

Hapo ndipo mota ya tairini inapokwama. Mwendo wa mota hiyo umefungwa na mwendo wa tairi. Haina gia ya kubadilisha. Imetengenezwa ifanye kazi vizuri kwenye mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa. Ukiishusha hadi 8 au 10, inaendelea kunywa umeme mwingi, lakini sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto ndani ya habu iliyofungwa isiyopata upepo. Ile harufu aliyoisikia ami ilikuwa vanishi ya waya za shaba.

Mota ya pedelini, ile inayokaa katikati ya fremu, inasukuma mnyororo. Ukiweka gia nyepesi, tairi linakwenda polepole na mota inaendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda. Ni kama gari ya mizigo inayotiwa gia namba moja mlimani. Kwa hiyo mota ya katikati ya wati 250 inaweza kuupanda mlima ambao mota ya tairini ya wati 500 inauungulia. Anayelinganisha baskeli mbili kwa wati peke yake hajalinganisha kitu. Namba ya kuitafuta ni nguvu ya msokoto, yaani nguvu ya kulizungusha tairi, inayoandikwa Nm (nyutoni-mita). Kwa mzigo na mlima niliotaja hapo juu, tairi la inchi 26 linahitaji takriban Nm 43. Mota nyingi ndogo za tairini zinaahidi 30 hadi 50, maana yake ziko ukingoni au zimeshazidiwa.

Ningeishia hapa, mota ya pedelini ingekuwa imeshashinda. Lakini wanaoitetea mota ya tairini wana hoja nzito, na nimezisikia kwa mafundi wanaozifungua kila siku. Kwanza, mnyororo. Mota ya pedelini inapitisha nguvu zake zote kwenye mnyororo mmoja na gia ya nyuma, na kwa mzigo wa kila siku vitu hivyo huliwa haraka. Mota ya tairini haiugusi mnyororo. Ukikatika njiani, kwa zile zenye mkono wa gesi unarudi nyumbani kwa umeme. Pili, ndani yake hamna mambo mengi: sumaku, koili, na kwa baadhi gia ndogo za plastiki. Kontrola, kile kisanduku kinachoipimia mota umeme, ikiungua unafunga nyengine ya voti ile ile, bila ya kuhitaji jina la kiwanda. Mota za pedelini, hasa za makampuni makubwa kama Bosch, zinataka vifaa vyao na kompyuta yao. Ikiharibika Konde, nani ataifungua?

Hata hivyo ipo njia ya kati, nayo imo mikononi mwetu tayari. Kontena za mitumba kutoka Japani zinazoleta baskeli Zanzibar huja pia na baskeli za kusaidiwa na umeme. Yamaha ilianza kuuza za aina hiyo Japani mwaka 1993, na nyingi za Yamaha na Panasonic zina mota ya katikati. Sheria ya kwao inairuhusu mota itoe hadi mara mbili ya nguvu ya miguu mpaka mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kisha ipunguze mpaka inyamaze kabisa kwenye 24. Kijana anayetaka kukimbia atachukia, maana haina mkono wa gesi na lazima ukanyage. Kwa mlima, lakini, ni sheria ya heri: msaada mkubwa unakuja kwenye mwendo ule ule mdogo ambao mlima unautaka.

Tatizo liko kwenye betri. Nyingi zinafika zimekufa au zimechoka, na za kawaida ni za voti 25 au 26 tu. Chaja zake nyingi ni za umeme wa voti 100, ambao ndio wa Japani. Wetu ni 230. Nimeiona moja ikichomekwa ukutani na mtu aliyefurahi kuipata pamoja na baskeli: ilitoa mlio, kisha moshi mweupe. Usichomeke kabla ya kusoma nyuma ya chaja. Na hata fundi akizibadilisha seli za ndani, betri nyengine zina kadi ya umeme inayokataa kuamka baada ya seli kutolewa, kwa hiyo zinataka fundi anayejua nini anafungua kwanza na nini anakiacha kimeungwa.

Sasa masafa, ambako watu wengi wanaumia. Kilomita 60 au 80 za kwenye karatasi hupimwa kwa mtu mwepesi, barabara tambarare, msaada mdogo. Ziache. Chukua voti, zidisha kwa Ah (amperi-saa) zilizoandikwa kwenye betri, upate wati-saa. Betri ya voti 48 na Ah 13 ina wati-saa 624. Kwenye tambarare, ukikanyaga kwa wastani, utatumia kama 12 kwa kilomita, kwa hiyo unapata kilomita 50 na kitu. Kwa milima yetu na mzigo, weka 18 hadi 20. Zimebaki kilomita 31 hadi 35. Chake Chake hadi Wete ni kama kilomita 30, hivyo utafika. Kurudi bila ya kutia chaji usikufikirie. Na usitegemee kwamba mteremko utakurudishia ulichokula mlimani: mota nyingi za tairini zenye gia na karibu zote za pedelini hazirudishi umeme kwenye betri, na zinazorudisha zinarudisha kidogo. Sehemu kubwa inaishia kwenye breki.

Bei nayo ina udanganyifu wake. Kujaza betri hiyo kunataka kama uniti 0.7 ya umeme, ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja. Pikipiki ndogo kwa masafa hayo hayo ingekula karibu lita moja ya petroli. Ukisimama hapo, baskeli ya umeme ni bure. Lakini betri nayo ni mafuta, isipokuwa unayalipia kwa mkupuo. Za risasi, zile nzito za aina ya betri ya gari zinazofungwa nne nne, huvumilia kama chaji 300. Ukipata kilomita 25 kila chaji, ni kilomita 7,500 halafu unanunua tena. Lithiamu ya kawaida huenda chaji 600 na zaidi. Ile ya fosfati ya chuma inaweza kupindukia 2,000. Kwa hiyo lithiamu yenye bei mara mbili bado ni rahisi kwa kila kilomita. Tena betri za risasi za voti 48 zina uzito wa kilo 16 hivi, na zikivutwa umeme mwingi mlimani hazitoi kiasi kilichoandikwa juu yake.

Haya yote ni kweli, na bado simlaumu mchuuzi anayenunua za risasi. Kilomita haziji na pesa ya mkupuo. Betri moja kati ya nne ikifa, anakwenda duka la vifaa vya sola, ananunua moja, anaendelea na kazi kesho. Mwenye lithiamu iliyokufa anasubiri fundi wa Mjini, Unguja. Ushauri wangu kwake ni huu tu: ukiweza kungoja miezi mitatu ukusanye, ngoja.

Umeme wenyewe pia uhesabiwe. Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Wenzetu wa Unguja wanakumbuka waya wao ulipoharibika Disemba 2009, wakakaa kiza miezi mitatu. Kukatika kwa siku moja mbili baskeli inavumilia, kwa sababu unaweza kukanyaga. Lakini jaribu kukanyaga mota ya tairini na betri za risasi, pamoja ni kilo 20 na zaidi juu ya baskeli yenyewe, mlima wa Wesha. Wepesi wa chombo umeme ukiisha ni sehemu ya thamani yake, na dukani haupimwi.

Baskeli ile ya ami haikutupwa. Ilipakiwa kwenye boti hadi Unguja kwa shemeji yangu wa Jambiani, anayeitumia kupeleka mkate kijijini. Haijawahi hata kupata joto. Ami naye sasa anapanda baskeli ya Kijapani ya mitumba, gia tatu zimo ndani ya habu ya nyuma, betri imejengwa upya na fundi wa Chake. Tenga ni lile lile. Anapanda mlima akiwa amekaa kwenye tandiko, polepole, akiamkia watu. Katika mwaka mmoja amebadilisha mnyororo mara mbili na gia ya nyuma mara moja, na gharama hizo ameziandika kwenye daftari la samaki, ukurasa wa mwisho. Nilipomwomba anioneshe, alizijumlisha kwa kidole, akanambia bado hazijafika nusu ya alichokuwa akimlipa kijana wa kumsaidia kusukuma.